Mioyo ya Nzi wa Wanjiru

Jumamosi, Thika. Asubuhi ilikuwa baridi, jua limetoka mchana kama mtu aliyechelewa kazini. Mimi niko na furaha tangu juzi, na nisipoiandika nitapasuka.

Binti yangu Wanjiru anasomea nzi. Si wale wa chooni, ni wale wadogo wanaozunguka ndizi ikiiva sana. Jirani yangu Mama Akinyi amenichekea hiyo hadithi mpaka akachoka: "Sisi tunawafukuza, wako anawafuga!"

Acheke sasa.

Juzi Wanjiru alituita mimi na babake chuoni kwao, huko karibu na Wendani. Haiya! Mtoto wangu ndani ya koti jeupe, watu wazima wakimuuliza maswali. Nilijikaza nisipige vigelegele. Nilipiga kamoja tu, kadogo.

Akatuonyesha chupa mbili. Moja ilikuwa na nzi wembamba, nyingine nzi wamejaa tumbo. Nikasema mbele ya wenzake wote kwamba mimi nimelea watoto, namjua aliyetunzwa vizuri: ni hawa walionona. Baba Wanjiru akasema hata yeye anaona hivyo.

Wanjiru hakucheka. Akatuwekea kwenye skrini moyo wa nzi, kabomba kembamba kanakodunda. Wa yule mwembamba ulienda sawa kama cherehani. Wa yule mnono ulidunda, ukasita, ukakimbia, ukasita tena. Kumbe huyo chakula chake kilitiwa mafuta ya nazi mengi. Akatueleza kwamba mwili wa nzi unaweka mafuta na kuyachoma kwa njia nyingi zinazofanana na zetu, ndiyo maana wanamchunguza.

Babake akasogea karibu na skrini.

Daktari alishamwambia moyo wake hauko sawa, aache mafuta. Amekuwa akikataa. Wanjiru amembembeleza mpaka msichana mwenyewe akalia. Na mimi sikumsukuma sana, kwa sababu hapa kwetu mwanaume akikonda, watu wanasema bibi hampikii.

Kisha mzee akauliza, polepole: "Sasa huyu mnono, akibadilishiwa chakula, moyo utarudi sawa?"

"Ndiyo kitu natafuta, Baba," Wanjiru akamjibu. "Bado sijajua. Lakini wewe usingoje nzi wangu."

Ngai, huyo ni mtoto wangu! Hakumdanganya babake hata kidogo, na bado maneno yake yakamshika.

Leo tulipitia bucha. Kila siku mzee huitisha ile nyama ya mafuta, na mwenye duka huanza kuikata kabla hajaambiwa. Leo mzee amemsimamisha. "Toa hayo mafuta yote," akamwambia. "Msichana wangu ameniangalia moyo."

Si wake aliouangalia, lakini sikumrekebisha. Nilikuwa nimesimama kando, nimejaa hata zaidi ya wale nzi.

Najua Mama Akinyi ataniuliza hivi karibuni kama nimeacha kumpikia mume wangu. Namngoja mlangoni. Wacha mzee akonde, mtaa mzima uone.