Mbegu Kwanza, Unga Mwisho

Mayu, mama yangu uliyelala Lalago,

Tangu tukuzike sijalia. Watu wanasema nina moyo mgumu. Mimi najiona kama mguu uliokaliwa ukafa ganzi. Shule nimemaliza, nashinda nyumbani, nafagia palipokwisha fagiliwa.

Unalikumbuka kopo lako la duara, lenye vikombe sita vya viungo, ulilopewa na yule mama wa Kihindi uliyempikia hapa Bariadi. Shangazi Kabula alipokuja msibani alisafisha jiko. Viungo vyote akavimimina kwenye ndoo moja ya majarini, vikombe akavisugua kwa majivu mpaka vikang'aa.

"Nimekupunguzia vyombo, mwanangu."

Nikasema ahsante. Unajua siwezi kumjibu mtu mzima.

Nilikuwa darasa la tano uliponiweka kwenye kigoda karibu na moto. Sisi dengu tunalima tunawauzia Wahindi, za kwetu tunachemsha na chumvi basi. Ukanionyesha wenyewe wanavyozipika. Mafuta ya pamba yapate moto. Haradali ikianza kurukaruka, weka binzari nyembamba, halafu uwatu kidogo sana, maana ni mchungu. Kitunguu, nyanya. Manjano, giligilani na pilipili vinakuja moto ukishapunguzwa, kwa sababu unga unaungua upesi.

"Mbegu kwanza, unga mwisho, ng'wanawane, mwanangu. Kila kimoja na zamu yake."

Nilipokosea ulicheka: "Hii sasa ni dawa ya ng'ombe."

Na baba kila mara alionja akasema, "Chumvi imepungua." Haikuwahi kupungua. Ulimsogezea kikopo cha chumvi, naye hakukigusa.

Tangu msiba amekuwa akinywa uji tu. Suruali anaifunga kwa kamba. Jumamosi aliniuliza huku anaangalia mlangoni, "Dengu za mama yako unaziweza?"

Nikasema ndiyo, nikaenda kuitazama ile ndoo.

Nilijaribu kijiko kimoja hivyo hivyo kilivyochanganyika. Unga ukawa mweusi kabla haradali haijaruka. Nikamwaga. Vilibaki vijiko vichache, vyote vya mkono wako, na nikaogopa.

Nikachukua chekeche. Unga ukapita, mbegu zikabaki juu. Nikazimimina kwenye ungo nikazichambua kama tunavyotoa mawe kwenye dengu: haradali huku, binzari nyembamba huku, uwatu pembeni. Asubuhi yote iliishia hapo. Manjano, giligilani na pilipili sikuweza kuvitenganisha, lakini zamu yao ni moja.

Haradali iliporuka nilisubiri nilie. Machozi hayakuja. Nikaweka binzari nyembamba.

Baba alikula nusu sahani. Kisha akasema, "Chumvi imepungua."

Nikamsogezea kikopo. Hakukigusa. Akanipa sahani nimwongezee.

Nimevirudisha vikombe vyako ndani ya kopo, mbegu kila moja kwenye chake. Bado sijalia, mayu. Ila leo mikono yangu inanukia kama yako, na sijainawa.

Pumzika. Baba anakula.

Binti yako wa kwenye kigoda