Egemeo la Gololi

Uru, 14 Juni 2024

Mdogo wangu Antoni,

Natumaini umeamka salama huko Mtwara na kile kikohozi kimekuacha. Sisi tunaendelea. Mama ameanza kumaliza sahani yake, na yule ng'ombe mwekundu amezaa jike. Ningepiga simu, lakini haya siwezi kuyasema huku nasikia unavyopumua.

Siku tulipomzika baba kihambani, kwenye migomba yetu, ulisema hutagusa tena kile chombo chake cha kupimia matetemeko ya ardhi, kwa kuwa egemeo ulilobuni wewe ndilo lililomwangusha siku ardhi ilipotikisika. Nimekaa na neno hilo miezi miwili.

Unakumbuka bawaba ya dirisha aliyoanza nayo? Mkono wa chuma unaochora mstari karatasini ulikwama kama mlango wa zizi letu. Akajaribu sindano, ikapinda. Ndipo ukaleta gololi ya baiskeli, ukaiegemeza kwenye bapa la patasi kuukuu, ukamwambia kitu kinachobingirika hakisugui. Baba akavaa miwani ya mama, akaupuliza ule mkono, nao ukayumba, ukayumba, hautaki kusimama. Alicheka mpaka akakohoa. Mimi nilikuwa mlangoni na mzigo wa majani. Nikaomba nami nipulize. Akasema, Theo, mikono yako ni ya jembe, ya Antoni ni ya saa, kawape ng'ombe. Hakusema kwa ubaya. Lakini miaka yote uliyokuwa chuoni nilibaki naye mimi, na hakuwahi kunichekea vile.

Jumapili ile ulipokuwa likizo hapa, mlipokwenda misa ya kwanza, nilikuwa nimetoka kukata mgomba, vidole vimejaa utomvu. Niliingia kutazama tu. Nikaichukua gololi, nikaizungusha vizuri vidoleni, nikairudisha. Utomvu ukakauka juu yake kama gundi. Jumanne ardhi ikatikisika, vikombe vikalia kabatini, baba akakimbilia karatasi: mstari umenyooka. Alikuambia tu, basi, tumekosea mahali. Nilikuwepo. Nilinyamaza, na nilifurahi, Antoni. Wiki tatu baadaye akafa akiamini hivyo.

Jana nimeiosha gololi kwa mafuta ya taa. Karatasi niliyoikunja humu ni ya leo asubuhi: yale mawimbi madogo ni mama akitoka zizini na ndoo ya maziwa. Egemeo lako halikuwa na kosa.

Mama anakusalimu sana. Bado hajui, nitamwambia Jumapili tukitoka kanisani. Chombo nimekifunika kwa koti la baba, sikugusa kingine. Siku utakapokuja kuendelea nacho, hata kama ni kwa hasira, nikumbuke, nami nipulize.

Kaka yako,
Theodory