Chungu Nilichokiziba Ufa

Mpwa wangu Neema,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Hapa Sengerema mimi mzima. Mama Kulwa bado yuko Magu akimlea mjukuu wetu, kwa hiyo ugali nasonga mwenyewe, na hakuna wa kunishinda kuanzia hapa hadi Usagara.

Unauliza kama uache kufundisha chuo kikuu, ufinyange vyungu na kufundisha yoga. Mimi darasa la sita lilinishinda, lakini vyungu navijua. Ujanani nilimfinyangia bibi chungu cha kunywesha ng'ombe arobaini. Kilipokauka kikapata ufa. Nikauziba kwa udongo mbichi, nikanyamaza. Bibi akakigonga kwa kidole, akasikiliza.

"Masanja, hiki kinasema uongo kama aliyekifinyanga."

"Bibi, mbona kizima!"

"Haya, tukichome."

Kilipasuka kwa kishindo, samaki wakaruka ziwani!

Sikukatazi, mwanangu. Jigonge kwanza, usikilize: unakimbia chuo, au unaufuata udongo? Kama ni udongo, acha kazi. Ila mfinyanzi hushinda peke yake, mikono imejaa tope, hata simu hapokei.

Nikisimulia haya watu hucheka, kisha huenda kwao. Udongo mzuri uko hapa bondeni, na vyumba viwili vimekaa wazi. Wewe fikiria tu.

Mjomba wako,
Masanja