Jina Ambalo Kendi Amempa Pasta

Ruiri, Jumapili usiku

Leo nilicheka katikati ya maombi, na si Roho Mtakatifu aliyenigusa kama mama anavyodhani. Ni Kendi.

Mdogo wangu alizaliwa haoni wala hasikii, lakini pasta aliyekuja nyumbani alimwombea kwa kumpigia kelele sikioni mpaka kuku wakakimbia. Kisha akamgeukia baba: "Mzee, huyu hana mawazo. Shule ya nini? Utajisumbua bure."

Baba akatikisa kichwa kukubali. Nilitaka kusema, lakini sauti yangu mbele ya wageni...

Kendi hutaja watu kwa mikono. Mama ni kuvuta vidole vyangu kama anayekamua. Baba ni kugusa ukingo wa kofia. Leo, pasta alipoanza kuomba tena, aliuchukua mkono wangu akapangusa nao shavu lake: mtu wa mate. Halafu akausukuma upande wa mlango: aende. Sikumfundisha mimi. Hana mawazo, kweli!

Kesho nitamwambia baba, hata nikitetemeka, kwamba Kendi anaongea na shule anaiweza. Nitamwonyesha jina la mama na lake. La pasta, daftari langu, tafadhali lifiche hapa. Akilijua mwenyewe, atarudi kutuombea sote.