Ile Siku ya Mufuko, Ulikuwa Hapo

Mdogo wangu Mariamu,

Asalaam aleikum. Mzee anakusalimia, mgongo bado unamsumbua. Binti yangu Hawa anakusalimia na batoto bake, kale kadogo kameanza kutembea. Mama mkwe anakusalimia, anauliza kama huko Bukavu unakula vizuri. Na Saidi wangu anakusalimia kutoka gerezani. Nilimuona Ijumaa. Amekonda, lakini nilipokutaja alicheka.

Nimechoka, Mariamu. Hata hii barua naandika, napumzika, naandika tena.

Unakumbuka kule Nyakarenzo tulivyolala mkeka mmoja, mvua ikipiga mabati unanishika nguo? Na Saidi alipozaliwa, ulimbeba mgongoni mpaka watu wakadhani ni wako.

Basi ile siku ulikuwa hapo, kando ya cherehani ya Saidi, unangoja akushonee kitenge. Ananihadithia mpaka leo. Bwana mmoja alileta mufuko, zipu imekufa, ameufunga na waya. Saidi akamwambia kama anavyoambia kila mteja, "Papa, toa vitu vyako kwanza, nisiitwe mwizi." Akakataa: "Niko narudia sasa hivi, ni manguo ya bibi yangu tu." Ukamtania, "Kumbe bibi yako umemufungia na waya?"

Wewe ukawahi kuvuka mpaka kurudi Bukavu kabla haujafungwa. Yule bwana hakurudi. Waliokuja ni polisi, wakakuta bangi ndani, na Saidi akahukumiwa kwamba anauza. Alisema kortini, "Mama mdogo aliona." Hakuna aliyekuita. Avoka mpya, huyu wakili wetu wa sasa, anasema rufaa yetu imesimama hapo: shahidi alitajwa, hakuitwa. Sasa korti imekubali kukusikia.

Nawe umetuma neno, "Nikikuya, nami watanifunga." Sikukasirika. Mimi mwenyewe waliponiuliza jina kule kortini, nilitaja la Saidi badala ya langu. Lakini avoka ameniambia hawamfungi muntu kwa kusema alichoona. Usimuongezee Saidi hata neno moja. Sema mufuko, sema waya, sema utani wako, halafu unyamaze.

Kitenge chako kiko ukutani, kina mukono moja tu. Hawa alitaka kukipeleka kwa fundi mwingine, nikamkatalia. Aliyekianza ndiye atakayekimaliza.

Nijibu haraka, mdogo wangu, kwa muntu yeyote anayevuka asubuhi. Nitasimama upande wetu wa daraja la mpakani, nikiangalia kila anayekuja kama ni wewe.

Dada yako,
Mama Saidi