Ini Lako na Langu

Kaka Saidi,

Shikamoo. Mvua zimeanza huku Kwamndolwa, na mahindi yako mkeo Zaina ameshayapanda. Mimi siwezi kukaa kitako. Naanza kufagia uwanja, nauacha katikati, nakwenda kupepeta mchele uliokwisha kupepetwa. Jasho linanitoka bila kazi.

Unakumbuka tumbo lilipojaa maji ukanishika mkono ukasema, "Mwajuma, sasa na mimi najua mlivyokuwa mnabeba mimba"? Nilicheka, kaka. Kisha nikaenda jikoni kulia.

Hatujakuzika vizuri, watu wakaanza: alikuwa anakunywa kwa siri, saratani ya ini ni ya walevi. Wewe! Wewe uliyekuwa unazunguka njia ndefu usipite karibu na kilabu! Zaina akaacha hata kwenda dukani.

Nikaenda hospitali kupimwa. Nina virusi vya homa ya ini, vilevile ulivyokuwa navyo wewe. Daktari, binti mwenye sauti ya pole, alisema huenda sote tulivipata kwa marehemu mama wakati wa kuzaliwa, naye hakujua. Nikamuuliza: sasa mbona amekufa yeye, mimi nipo? Tumekula sahani moja, tumelima shamba moja.

Akaniambia saratani hii huwapata wanaume zaidi. Pombe na sigara zinachangia, lakini hata wasiogusa vitu hivyo wanaugua. Wataalamu wanadhani homoni nazo zina mkono: za kiume huenda zinaupa ugonjwa nguvu, za kike huenda zinalilinda ini.

"Huenda, mama. Bado wanachunguza."

"Na hedhi ikikoma?"

"Huenda ulinzi unapungua. Ndiyo maana nataka uwe unakuja."

Yangu imekoma, kaka. Jasho ndilo hilo.

Kwenye arobaini yako wanawake walikuwa wanamenya vitunguu, maneno yakaanza tena. Nikaweka kisu chini. Nikasema, "Kaka yangu hakuonja pombe. Alikuwa na virusi, na mimi ninavyo. Wenye watoto wawapime." Mmoja akasogeza sufuria yake mbali nami. Nimeumia, siwezi kukuficha. Lakini kesho yake Zaina alikuja na wanao wote, akasema, "Wifi, twende."

Wale wadogo hawana virusi, wamechanjwa. Athumani, mwanao mkubwa, ndiye anavyo. Mwanamume mzima, mabega kama yako, akanitazama pale kwenye benchi: "Shangazi, kwa hiyo uanaume wangu ndio utakaoniua?"

Daktari ndiye aliyejibu: "Uanaume wako uache. Tunapambana na virusi. Wewe njoo tu."

Alikuja mara ya kwanza, halafu akapotea. Nikamfuata hadi Mkumbara anakouza nyanya. Nikakaa juu ya kreti mbele ya wateja wake, nikamwambia sinyanyuki. Alikasirika. Akauza nyanya zote bila kunisemesha. Mwishoni akafunga turubai, akasema, "Haya, shangazi, lini?"

Ni leo. Tunakwenda kupigwa picha ya ini, yeye na mimi. Sijui wataona nini kwake, wala kwangu. Naogopa, kaka, na yeye anaogopa, ila hasemi.

Mungu akupumzishe. Mwanao sitamwacha aingie hospitali peke yake, leo wala siku nyingine, maadamu nina miguu. Anapiga honi ya pikipiki nje. Ngoja nivae kanga.

Mdogo wako,
Mwajuma