Shimo la Pweza

Muhonja mjukuu wangu, mulembe. Huku Khayega tuko wazima, na mimi babu yako bado ndiye anayependeza kijiji kizima.

Unauliza kama kikundi chenu huko Kwale kinunue injini ya boti au kitumie pesa hizo kupanda matumbawe. Nikiwa kijana huko, nilivunja tumbawe niwauzie watalii. Mama mmoja aliyekuwa akivua pweza kwa miguu, maji yamekupwa, akaniuliza, "We wa bara, hilo litakulipa mara ngapi?"

"Mara moja, lakini vizuri!"

"Lilikuwa shimo langu. Nikitoa pweza, mwingine huingia. Limesomesha watoto wangu wote."

Akachukua fimbo yake, akaenda kutafuta shimo lingine bila kunitusi. Mpaka leo nampigia saluti.

Pandeni matumbawe, mama. Injini ikikosekana, mtavua kwa miguu kama yeye.

Kuka wako